Kitabu cha Wanyama kwa Mtoto wa Nairobi: Namna ya Kukichagua, Kukipima na Kukisoma Naye

Mtoto wa Nairobi anamjua dubu wa barafuni kuliko anavyomjua kongoti. Dubu ameshamwona kwenye katuni, kwenye begi la shule na kwenye vitabu vya alfabeti. Kongoti yuko juu ya mgunga pale karibu na Nyayo Stadium, kimo chake hufika mita 1.5, kichwa kipara, mfuko wa waridi unaning'inia shingoni. Mtoto akiuliza kutoka dirishani mwa matatu, "Huyo ni nani?" jibu analopewa ni "Ni ndege tu, keti vizuri."

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au mwalimu anayetaka kumpatia mtoto vitabu vya mambo ya kweli kuhusu wanyama, ndege, wadudu na mahali wanapoishi. Hadithi za Sungura na Fisi nazipenda, ila kazi yake ni nyingine. Msimamo wangu nautaja mapema: anza na vitabu ambavyo mtoto anaweza kuvihakiki kwa macho yake mwenyewe, hapa hapa mjini. Nyangumi na dubu watafika kwa zamu yao. Mtoto aliyezoea kusoma ukurasa wa kinyonga, akatoka kwenda kumtazama kinyonga kwenye ua wa jirani, akarudi akisema kitabu kimesema kweli au kimedanganya, huyo hasomi tena kwa kumeza tu.

Hatua ya 1: Sikiliza maswali kabla ya kutoa pesa

Wengi wetu hununua kitabu kwa sababu jalada lina simba. Kinafika nyumbani, kinafunguliwa siku mbili, kisha kinakuwa cha kukalishia chupa ya uji.

Weka daftari jikoni kwa wiki moja au mbili na uandike kila swali la mtoto kuhusu kiumbe chochote. Usimsukume aulize. Maswali yenyewe yatakuja: Kwa nini mjusi kafiri haanguki darini? Kumbikumbi walikuwa wapi kabla ya mvua? Mwewe alijuaje nimeshika smoki, ile soseji ya njiani? Kwarara wanatafuta nini kwenye uwanja wa mpira kila asubuhi? Swali linalorudi mara ya pili na ya tatu ndilo litakalokuchagulia kitabu cha kwanza.

Kabla ya kwenda dukani, ligeuze swali kuwa mada, kwa sababu ukimwambia muuzaji unataka kitabu cha kumbikumbi atakukodolea macho. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa wanaotoka kichuguuni mvua inapoanza ili kwenda kuanzisha makao mapya. Basi tafuta kitabu cha mchwa, au cha wadudu wanaoishi kwa makundi. Swali la mwewe litajibiwa na kitabu cha ndege wawindaji. La mjusi kafiri litafute kwenye reptilia, nawe ukague kama kuna ukurasa wa vidole vyake, maana siri yake iko kwenye vinyweleo vidogo mno chini ya vidole hivyo, si gundi. Kwarara mtafute kwenye midomo ya ndege: ule mrefu uliopinda ni wa kuchokolea udongo atoe minyoo na wadudu.

Hatua ya 2: Aina za vitabu

Hapa sikawii. Kwa mtoto wa chini ya miaka 4, nunua kurasa ngumu za kadibodi, picha moja kila ukurasa, jina moja. Miaka 5 hadi 8, kitabu cha mnyama mmoja ndicho bora, kwa kuwa kinaweza kumalizwa na mtoto akajihisi mtaalamu wa jambo fulani. Ensaiklopidia kubwa ya picha ni nzuri kama kitabu cha pili au cha tatu. Ikija kwanza, mtoto hupekua picha bila kusoma chochote. Vitabu vya kutambulia ndege au miti, vile vyenye picha ndogo ndogo na majina, vimfikie akiwa na miaka 9 hivi na kuendelea, na ikiwezekana pamoja na darubini.

Kuna aina nyingine ambayo wazazi huisahau: masimulizi ya kweli ya mnyama mmoja aliyewahi kuishi. Watoto hushikwa sana na hizi. Chukua kisa cha Owen, ndama wa kiboko aliyeokolewa Malindi mwishoni mwa Desemba 2004, mara baada ya tsunami, akapelekwa Haller Park, Mombasa, akaambatana na kobe mzee wa Aldabra aitwaye Mzee. Kila mtu anaipenda picha ya wawili hao wamelala pamoja. Lakini uliza kama msimulizi anaendelea: Owen alikua, akawa mkubwa na mwenye nguvu mno kwa kobe, akatengwa naye na kuwekwa na kiboko wa kike, Cleo. Masimulizi yanayoishia kwenye kukumbatiana yamemkata mtoto nusu ya ukweli.

Hatua ya 3: Pa kuvitafuta Nairobi

Anza na kuazima. Huduma ya Taifa ya Maktaba ina Maktaba Kuu kule Upper Hill na tawi la Buruburu, na zote zina sehemu ya watoto. Eastlands kuna maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo zilikuwa matawi ya McMillan, ile maktaba ya katikati ya mji iliyofunguliwa 1931 na ambayo ina simba wawili wa mawe mlangoni. Kuazima kuna faida moja ambayo duka halina: mtoto anaruhusiwa kukosea. Akichukua kitabu cha papa akakichoka kesho yake, hakuna aliyepoteza shilingi.

Maduka makubwa ya vitabu ya mjini na Westlands yana rafu za watoto, lakini rafu hizo zimejaa vitabu vya kiada na vya marudio ya mitihani. Usione haya kumwambia mhudumu kwamba hutaki cha mtihani. Ukiweza kusubiri, Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi hufanyika Sarit Centre kila mwaka karibu na Septemba, na pale unaongea na wachapishaji wenyewe. Waulize wana nini cha wanyama kwa Kiswahili. Wakiulizwa na wengi, huenda wakachapisha.

Kisha kuna vitabu vya mitumba, kando ya barabara na mbele ya maduka yaliyofungwa, pale "inama bookshop". Vimepangwa juu ya turubai, migongo juu, na muuzaji ana kitambaa cha kufutia vumbi.

"Mama, chukua hii ya simba, mtoto atafurahi."

"Simba tunao. Una ya buibui?"

"Ya buibui?" Anacheka, lakini anainama, anachomoa vitabu kutoka chini kabisa ya rundo, kwa sababu buibui hawanunuliwi na mtu.

Hapo chini ya rundo ndipo penye mali. Vitabu hivi vingi vimetoka Uingereza na Marekani, vingine vina mihuri ya maktaba za huko. Kanuni yangu ni hii: ukinunua cha mitumba kutoka nje, chagua kinachoeleza namna viungo na viumbe vinavyofanya kazi (macho, mabawa, mifupa, utando wa buibui, yai linavyoanguliwa), wala si kinachoorodhesha wanyama wa nchi fulani. Buibui husuka utando kwa njia ile ile Leeds kule Uingereza na Kayole hapa Nairobi. Lakini kitabu cha "wanyama wa bustani yetu" kilichoandikwa Leeds kitamjaza mtoto ndege ambao hatawaona hadi apate viza.

Kwa simu, African Storybook ina vitabu vingi vifupi vya watoto, vya Kiswahili vikiwemo, unavisoma na kupakua bure. Vingi ni hadithi, kwa hiyo chambua. Na Wildlife Clubs of Kenya, chama kilichoanza 1968, huchapisha jarida la watoto liitwalo Komba. Ukikuta matoleo ya zamani kwenye shule au maktaba, yashike.

Hatua ya 4: Kipime kabla hujalipa

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke. Dakika tano zinatosha, ukiwa umesimama hapo hapo.

Fungua ukurasa wa hakimiliki, tafuta mwaka. Mwaka haukipi kitabu sifa wala aibu, ila unakuambia kipi cha kuamini. Kitabu cha kabla ya Machi 2018 kinaweza kusema kuna faru mweupe wa kaskazini dume aliyebaki. Dume huyo, Sudan, alikufa mwezi huo katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, na wakabaki majike wawili, Najin na Fatu. Kitabu cha kabla ya 2021 kinaweza kuwahesabu ndovu wa Afrika kuwa wa aina moja, ilhali sasa wale wa nyika na wale wa misitu wanahesabiwa kuwa spishi mbili. Twiga nao: tangu 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, linatambua spishi 4, na 3 kati yake wako Kenya. Basi hesabu na majina huchacha. Maumbile ya mwili hayachachi upesi: shingo ya twiga ilikuwa na pingili 7 wakati babu yako anasoma, na leo ni 7, sawa na zako.

Ukiwa bado hapo, geuza nyuma utazame namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu. Ikianza na 978-9966 au 978-9914, kitabu kimesajiliwa Kenya, na uwezekano wa kukuta wanyama wa hapa ni mkubwa zaidi.

Sasa fungua kinyonga. Vitabu vingi vya wanyama vinaye, na ndiye mtihani wangu wa kwanza. Kikisema kinyonga hubadilisha rangi ili afanane na chochote anachokanyaga, mwandishi amenakili mahali. Kinyonga hubadilisha rangi zaidi kwa ajili ya kuwasiliana na wenzake na kupata au kupunguza joto. Rangi yake ya kawaida ndiyo inayomficha kwenye majani. Kikisema reptilia wote hutaga mayai, pia kimeanguka: kinyonga wa pembe tatu, ambaye anaishi kwenye nyua na bustani za Nairobi, huzaa watoto hai. Na hana sumu yoyote, hata kama jirani yako anaapa.

Halafu fisi. Huyu amechafuliwa jina na hadithi zetu, na vitabu vingi vinaendeleza porojo hiyo hiyo: mlafi, mwoga, anakula mabaki ya simba. Fisi madoa huwinda sehemu kubwa ya chakula chake mwenyewe, jike ni mkubwa kuliko dume na ndiye anayetawala kundi. Wala si mbwa: kiukoo yuko karibu zaidi na nguchiro na paka. Ukiona kitabu kimempa fisi haki yake, kinunue bila kuuliza mengi.

Hesabu miguu. Nasema kweli, hesabu. Siku hizi kuna vitabu na chati zilizochorwa na kompyuta bila mtu kukagua, na watoto hugundua makosa kabla yetu. Mdudu ana miguu 6, yote ikitoka sehemu ya katikati ya mwili, si tumboni. Buibui ana 8. Vidole vya kinyonga vimegawanyika mafungu mawili, kimoja cha vidole 2 na kingine cha 3, kama koleo. Kwenye chati za ukutani zinazouzwa njiani, angalia duma na chui hawajabadilishana majina: duma ana madoa yaliyojaa na mistari miwili myeusi kutoka machoni hadi mdomoni, chui madoa yake ni kama maua, wazi katikati.

Tafuta kipimo. Ukurasa ambao kunguni na kiboko wana ukubwa sawa bila maelezo unamdanganya mtoto. Kitabu kizuri kitamweka mnyama kando ya mtu, mkono au gari, au angalau kitataja mita na kilo.

Tafuta mahali. Kikisema mnyama anaishi "Afrika" na kuishia hapo, mwandishi hana habari. Ukikuta chui milia amesimama na pundamilia kwenye picha ya nyika yetu, kirudishe. Chui milia ni wa Asia. Na simba mwache awe mfalme, lakini si wa msitu mnene. Makao yake ni nyika na mbuga za majani.

Mwisho, soma aya moja kwa sauti, hata kama muuzaji anakutazama. Ulimi ukikwama mara tatu, utakwama kila usiku. Mimi pia hukwepa vitabu ambavyo kila ukurasa unamhubiria mtoto aokoe dunia. Mtoto wa miaka 6 hajamaliza hata kushangaa, na tayari anadaiwa. Ajue kwanza kobe anapumuaje ndani ya gamba, hayo mengine atayataka mwenyewe. Jambo la kunifurahisha ni sentensi kama "wanasayansi bado hawajalijua hili". Mwandishi anayethubutu kuiandika amesoma.

Hatua ya 5: Tia majina ya Kiswahili

Vitabu vingi utakavyopata vitakuwa vya Kiingereza. Keti na penseli kabla ya kumpa mtoto, uandike jina la Kiswahili kando ya kila picha: nungunungu, kakakuona, mhanga, pimbi, nyegere, komba, mbayuwayu. Usipolijua jina la ndege fulani, andika jamii yake, "wa jamii ya korongo", inatosha. Acha pia nafasi ya jina la lugha ya nyumbani, na mtoto ampigie simu nyanya yake amuulize. Simu hiyo huwa ndefu kuliko ulivyopanga, na nyanya akishaanza habari za kalunguyeye aliyeingia jikoni mwake, kitabu mnakisahau kwa jioni hiyo, na si hasara.

Hatua ya 6: Namna ya kukisoma

Kitabu cha hadithi husomwa kuanzia mwanzo. Hiki si lazima. Anza mwisho, kwenye faharasa, ile orodha ya maneno na namba za kurasa. Mtoto achague neno, atafute ukurasa, na hapo ndipo mnaanzia leo. Amejifunza kazi ya faharasa bila somo, nawe umeondoa uchovu wa "tumefika ukurasa wa 12".

Soma kidogo. Kurasa mbili za kongoti zikisomwa na kubishaniwa zinazidi kurasa 20 zilizopitiwa. Kabla ya kusoma maelezo, funika maandishi kwa kiganja, mwache mtoto atazame picha akisie.

"Mama, mbona miguu yake ni myeupe?"

"Wewe unaonaje?"

"Amekanyaga chokaa."

Sasa ondoa kiganja, msome. Miguu ya kongoti kwa asili ni ya kijivu cheusi. Weupe ni kinyesi chake mwenyewe: jua likiwa kali hujinyea miguuni, unyevu unapokauka unampoza. Kuna uwezekano hamtaendelea na ukurasa mwingine kwa sababu ya kicheko, na ukweli huo mtoto atawasimulia wageni wote mtakaopata mwezi huo. Lakini usiishie kwenye kicheko. Uliza: basi saa ngapi za siku atafanya hivyo zaidi, asubuhi au saa nane mchana? Hapo umempa kazi ya kufanya mkipita tena Nyayo.

Usimgeuzie kitabu kuwa mtihani. Shule inamuuliza maswali ya kutosha. Yeye ndiye aulize, na wewe una ruhusa ya kujibu "sijui, tutafute".

Kuna kurasa mbili ambazo wazazi huziruka. Ya kwanza ni ya damu: simba jike na mtoto wa pundamilia. Isome kama ilivyo, kwa sauti ya kawaida. Mtoto anayeona kuku akichinjwa Krismasi hatashtuka kama unavyodhani, anachotaka kujua ni kama ilimuuma, na kwa nini mama yake hakumwokoa. Ya pili ni ile ya mamilioni ya miaka, ya mifupa na viumbe vya kale. Kila nyumba ina imani yake, nami siingilii. Ninachoomba ni kwamba usichane ukurasa. Eleza wanasayansi wamechimba nini na wanasemaje, kisha eleza nyumbani kwenu mnaamini nini. Mtoto anaweza kubeba yote mawili.

Hatua ya 7: Toka nacho nje

Usibebe kitabu kizima wala maswali kumi. Chagua ukurasa mmoja na swali moja, vinginevyo utakuwa umempeleka mtoto darasani Jumamosi.

Jumba la Makumbusho la Nairobi ndipo pa kuanzia kwa suala la kipimo. Uani kuna sanamu kamili ya Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimpa ulinzi wa pekee kwa amri ya mwaka 1970, hadi alipokufa 1974. Msimamishe mtoto kando yake, mpige picha, na mkirudi achore kwenye ukurasa wa ndovu mstari wa mahali anapofika. Ndani kuna ndege wengi waliokaushwa, na hao wana sifa moja ambayo ndege wa mtini hawana: wanakaa. Mtoto analinganisha midomo yao kwa nafasi yake. Katika eneo hilo hilo kuna Snake Park, iliyofunguliwa 1961, kwa mtoto wa maswali ya nyoka. Na likizoni kumbuka matembezi ya kutazama ndege ya Nature Kenya ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakianzia hapo Jumatano asubuhi. Unakuta watu wanaomjua kila chiriku kwa sauti.

Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa 1907, ni ya kima na vipepeo. Usiwape kima chakula, na karanga zifiche vizuri. Karura ni ya kutembea kimya: ukifika mapema unaweza kumwona paa mdogo, na njiani mweleze mtoto kwamba msitu huu nusura ugawanywe viwanja, Wangari Maathai na wenzake wakapigwa wakiutetea mwaka 1999. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya mwaka 1946 na ukubwa wa kilomita za mraba 117, inahitaji gari, lakini ina jibu la swali ambalo vitabu vingi hupitia juu juu: wanyama huhama vipi? Upande wa kusini hauna uzio. Mvua ikinyesha, pundamilia na nyumbu hutoka kwenda malishoni kwenye nyanda za Athi na Kitengela, kiangazi wanarudi mtoni. Ramani ya kitabu na ramani ya langoni ziwekwe pamoja. Ada za hifadhi hubadilika, ziangalie kwenye mtandao kabla ya kuwaahidi watoto.

Kama nauli haipo, uwanja wa shule una kwarara na ukuta wa choo una mjusi. Wala usimlete kinyonga nyumbani awe wa kufugwa: sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kumiliki mnyamapori bila kibali. Mtazameni alipo, mumwache.

Hatua ya 8: Ukurasa unaokosekana, uandikeni wenyewe

Baada ya miezi michache mtagundua viumbe wa kwenu hawamo kwenye kitabu chochote mlichonacho. Hapo kunja karatasi nne za A4 katikati, zibane pini, mna kitabu cha kurasa 16. Kila ukurasa kiumbe mmoja. Mchoro utokane na kutazama, usinakiliwe kwenye simu. Sentensi ziwe fupi, na kila jambo lihakikishwe mahali pawili kabla ya kuandikwa kwa wino: kitabu na macho, au kitabu na mtu anayejua.

Mfano, kwa mtoto wa miaka 7, wa kiumbe ambaye kila nyumba ya Nairobi inamwogopa:

"Huyu ni Nairobi fly. Ni mbawakawa mwembamba, mwekundu na mweusi. Urefu wake ni karibu sentimita 1. Haumi na hana mwiba. Sumu iko ndani ya mwili wake. Ukimponda kwenye ngozi, sumu inatoka na kuichoma, na baada ya siku moja au mbili unapata malengelenge. Akitua mkononi, mpulize aende. Ukimponda kwa bahati mbaya, osha kwa maji na sabuni, usijishike macho. Baada ya mvua huwa wengi, na usiku hufuata taa. Shambani hula wadudu wadogo wanaoharibu mimea."

Tazama kilichofanyika hapo: kipimo kipo, hofu imeelezwa sababu yake, kuna la kufanya, na adui amepewa na jema lake. Mtoto mkubwa zaidi aongeze mstari mmoja, kwamba sumu hiyo, pederini, hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mbawakawa jike. Kando ya maandishi aandike tarehe na mahali alipomwona: "ukutani bafuni, Aprili".

Vitabu vilivyochacha na vilivyochakaa

Kitabu kikigunduliwa kosa, usikitupe. Kata karatasi ndogo, mtoto aandike sahihisho na mwaka, mbandike juu ya sentensi yenyewe kwa gundi upande mmoja, ili ya chini iweze kuonekana. Watoto hupenda kazi hii kupita kiasi; wengine huanza kusoma kwa kuwinda makosa, na hilo usilikataze.

Majalada yafunike kwa nailoni kabla hayajachanika. Mkishakimaliza kitabu, badilishaneni na nyumba nyingine za ploti, kila mtoto aweke jina lake ndani ya jalada kwa penseli chini ya la mwenzake. Vinavyobaki vipeleke shuleni au maktaba ya mtaa, ila uliza kwanza kabla ya kubeba katoni nzima kwenye matatu, kwa kuwa si kila maktaba inapokea vitabu vilivyobandikwa karatasi ndani.